Nani Aliyeufunga Mkono wa Rehema

Mwanangu Sekela,

Mimi baba yako nina miaka sabini na tisa kwa hesabu ya cheti cha ubatizo, na themanini na moja kwa hesabu ya bibi yako, ambaye siku ninazaliwa alikuwepo na katekista hakuwepo. Machinjio matatu ya Tunduma yamejengwa, yamebomolewa, na mimi nipo. Visu vyangu vimenolewa mpaka vikaisha vikawa kama sindano, na mimi nipo. Wachunaji wote niliofundishwa nao nimewazika. Daktari mmoja aliniambia ini langu halitafika Krismasi; Krismasi ilifika, mimi nikafika, yeye hakufika. Na nimeishi kuliko mama yenu, ila hilo sijisifii.

Wewe umekwenda Iyula kumuaga shangazi yako, na najua saa hizi anakujaza maagizo: usile vya barabarani, usilale bila neti, usimwachie mtu begi stendi. Mimi hayo nayaruka. Nimekaa hapa uani tangu saa saba mchana na daftari lako la zamani la sekondari, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, na mwalimu alisema hajapata mwanafunzi kama mimi, sijui alikuwa na maana gani, lakini alisema. Herufi zikipanda mlima, panda nazo. Ukirudi nitakupa karatasi hizi mkononi, uzisome kabla hujalala. Utauliza, baba si ungesema tu? Mwanangu, mdomo wangu umezoea uongo mmoja miaka ishirini na minne. Kalamu bado haijauzoea.

Lakini kwanza nina hasira, acha nizitoe.

Jumapili iliyopita baba yako mdogo alikaa hapa, akala nyama yangu, akanywa chai yangu, akajifuta mdomo, akasema, "Kaka, huyu mtoto amesoma udaktari miaka mitano, ana akili ya kupasua moyo, halafu anakwenda Dar kujifunza kupasua ngozi? Ngozi! Si mambo ya vipele haya? Hata duka la dawa wanatibu." Na watu wakacheka, na wewe ukainama kama umeiba. Mimi nikamwambia, "Vua ya kwako, uiweke hapo kwenye kiti, halafu utembee mpaka mpakani. Tuone huo moyo utakufikisha wapi." Aliaga mapema.

Hawaijui ngozi hao. Wanadhani ngozi ni karatasi ya kufungia nyama. Mimi naijua. Unajua jinsi ilivyo hapa: ng'ombe wa sokoni anachinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale kwa amani, na aliyechinja miaka yote hiyo ni mzee Shabani, Mrangi wa Kondoa, aliyekuja kwa ajili ya biashara ya mipakani akaoa hapa hapa. Shabani akishamaliza kazi yake na jina la Mungu, mnyama ni wangu. Wanunuzi wa ngozi kutoka ng'ambo, Zambia, walikuwa wanaiinua ngozi juu, wanaitazama kwenye jua watafute tundu. Kwangu walitazama mpaka shingo zikawauma. "Ba shikulu," wananiambia, yaani babu, "hii haina hata jicho moja." Nawaambia, mtatafuta mpaka giza liwakute.

Kwa hiyo uliponiambia kwamba kuna daktari kijana aliyekusimamia mkishona ngozi ya nguruwe, akakuambia mbele ya wenzako una mkono mzito, damu ilinipanda. Mkono mzito! Mtoto wangu! Huyo amewahi kuchuna nini? Mwambie hivi, au usimwambie, ila ujue wewe: kisu hakichuni. Anayechuna ni mkono wa kushoto, ule unaovuta. Ukiivuta ngozi sawasawa, yenyewe inakuonyesha pa kupita, kisu kinafuata tu kama mgeni. Ukiona kisu chako kizito, kilicholala ni mkono wa pili.

Basi. Nimejisifu vya kutosha, na sasa nafika pale ambapo sifa zangu zilikwenda kumla mtoto.

Alhamisi ulirudi kutoka sokoni uso unang'aa. Ulikuwa umemkuta Nesi Atuganile, yule mama mstaafu wa zahanati, kwenye meza yake ya maharage. Ulinisimulia ukiwa umesimama, hata mfuko hujautua. Kwamba ulimwambia mbele ya wanunuzi wake, "Mama, unanikumbuka? Mimi ni mdogo wake Rehema. Wewe ndiye uliyemfunga dada yangu mkono ukaungana kama ngumi. Nakwenda kujifunza nirekebishe ulichoharibu." Na kwamba yeye alikutazama, akasema, "Nenda mwanangu, kasome vizuri," akaendelea kupima maharage.

Ulitaka nikusifu. Na mimi nilikusifu. Nilisema, "Huyo ndiye mwanangu." Nikala ugali wote.

Sekela, Nesi Atuganile hakuufunga mkono wa Rehema. Niliufunga mimi.

Soma tena hapo, halafu endelea.

Dada yako alikuwa na miaka sita. Mama yenu alikuwa Iyula kwa shangazi kuchuma kahawa, wewe ukiwa mgongoni, hujajua hata kutambaa. Mimi nilikuwa na sufuria ya shahamu motoni hapa uani, nayeyusha mafuta ya ng'ombe. Sufuria niliweka mimi. Wakaja wanunuzi wawili wa ngozi, nikaiacha, nikaenda kuwaonyesha ngozi ya dume moja niliyoichuna siku hiyo, nikasimama nayo juani kama bwana harusi. Nilisikia sauti nyuma yangu. Rehema alitaka kuchukua kipande cha nyama kilichokuwa kinaelea. Mkono wa kulia, mpaka hapa kwenye kifundo.

Nilimbeba mbio mpaka zahanati. Hilo nililifanya vizuri, na nitalisema kwa sababu ni hilo moja tu. Nesi Atuganile alimsafisha. Alifunga kila kidole peke yake, hiki peke yake, hiki peke yake, halafu akaukunjua mkono ukawa wazi kama anayeomba, akaulaza juu ya kipande cha ubao, akaufunga hapo usikunjike. Akaniambia, "Mlete kila siku. Atalia sana. Usimwonee huruma."

Mzazi akisikia neno hilo, usimwonee huruma, anafanya nini?

Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alilia mpaka akatapika. Siku ya tatu nilikuwa nje kwenye benchi, nasikia anavyoita, "Baba, ananivunja! Baba!" Nikaingia. Yule mama alikuwa ameshika vidole vya mwanangu anavinyoosha. Nikamwambia, "Wewe ni nesi au ni fundi bati?" Akasema, "Toka nje mzee, nafanya kazi." Kuambiwa toka, mimi! Nilimchukua mwanangu mikononi mwake, nikaondoka naye, bandeji inaburuta njiani.

Nyumbani nikautoa ule ubao, nikautia jikoni chini ya sufuria. Mkono wenyewe ukajikunja taratibu, vidole vikalala ndani ya kiganja, na Rehema akanyamaza. Pale pale. Nikasema, mmeona? Mwili unajua unachotaka. Nikapaka asali, nikauviringisha na kitambaa safi cha mama yenu, nikaufunga na ukanda wa ngozi laini nilioukata mwenyewe, kazi nzuri kabisa. Mtoto akalala usingizi wa kwanza baada ya siku tatu. Nikakaa pembeni yake najiona mimi ndiye daktari.

Mkao usiouma, mwanangu. Mkao ule usiouma ndio uliomharibu. Hili wewe umelisoma kwenye vitabu, nimekusikia ukimweleza dada yako. Mimi nililipata kwa mkono wa mtoto.

Nesi alikuja nyumbani kwa miguu, nikamfukuza. Akaja tena, nikamfukuza. Mara ya tatu alikuja na mwenyekiti wa mtaa, na mimi nilikuwa natoka kazini, kisu mkononi, nikasimama mlangoni. Sikumnyooshea mtu kisu. Ila sikukiweka chini. Shabani alikuwa nami, tumetoka naye machinjioni, na yeye ndiye peke yake aliyesema la maana siku hiyo. Alisema, "Wewe Simkoko, ngozi ya ng'ombe unaiwamba kwa vigingi ishirini isijikunje, halafu ya mwanao unaikunja mwenyewe?"

Nikamjibu, "Ng'ombe amekufa. Mwanangu yu hai."

Nililiona jibu zuri. Watu walicheka, wakaniona mjanja. Nesi hakucheka. Aliondoka, na nilimwona anafuta macho na kona ya kitenge, nikasema moyoni, hasira za kushindwa hizo.

Mama yenu aliporudi alikuta mkono umeshafungwa. Nilimwambia nesi alianza kuuharibu, mimi ninauokoa. Aliniamini, kwa nini asiniamini? Wiki ya tano tukafungua. Vidole vimeshikana na kiganja, ngozi mpya imepita juu yake, laini, inang'aa, kama haijawahi kuwa na vidole. Mama yenu akapiga yowe. Na mimi, mwanangu, kabla hata hajamaliza lile yowe, nilisema, "Unaona alichofanya yule nesi?"

Neno hilo lilitoka lenyewe. Halafu likawa na miguu. Machinjioni nililisema, kanisani nililisema, kilabuni nililisema kwa kuigiza, na kila nilipolisema lilinoga. Akina mama wa mtaa wakaacha kupeleka watoto kwake, wakawa wanavuka barabara kuu kwenda zahanati nyingine. Miaka yote aliyofanya kazi iliyobaki aliifanya na jina nililompa mimi. Mama yenu amekufa akimchukia. Na wewe ukakua, ukaambiwa hadithi hiyo badala ya hadithi za sungura, na siku moja ukiwa darasa la tano ukasema utakuwa daktari umnyooshe dada mkono. Mimi nikawaambia watu, mmesikia? Damu yangu hiyo.

Sasa usiku wa Alhamisi sikulala, nikajiuliza, kwa nini yule mama hakujibu? Hasira zikanishika. Ningekuwa mimi nimesingiziwa namna ile sokoni, meza ingepinduka! Ijumaa sikwenda, Jumamosi sikwenda. Leo asubuhi ulipoondoka tu nikachukua fimbo, nikaenda kwake, kile chumba cha bati la bluu nyuma ya soko.

Nikabisha hodi. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Karibu mzee Simkoko," akasema. "Leo umekuja na fimbo. Afadhali kuliko kisu."

Nikamwambia sikuja kutaniwa. "Kwa nini hukumjibu mwanangu?"

"Nimjibu nini?"

"Ukweli! Una mdomo, huna?"

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa nje. "Mtoto yuko safarini, mzee. Nimvue baba yake nguo sokoni, mbele ya watu, halafu apande basi na picha hiyo? Hapana."

Nikawaka. Nikamwambia hakuna aliyemwomba anisitiri. Nikamwambia miaka ishirini na minne ya kunyamaza si upole, ni kiburi, na mimi kiburi nakijua kwa kukitazama. Alinisikiliza mpaka nikakohoa. Akanipa maji. Halafu akasema jambo lililonikera kuliko yote.

"Na mimi nina sehemu yangu. Nilikuamrisha tu. Sikukaa na wewe kwenye benchi nikueleze kwa nini ule ubao, na kwa nini lazima aumie. Niliona huyu mchunaji hataelewa. Wewe ndiye mtu wa kwanza hapa Tunduma ambaye angeelewa, kazi yako ni kuwamba ngozi, na mimi nilikuambia toka nje."

Sekela, nilipiga fimbo chini. Nikamwambia, "Hilo kosa ni langu lote. Usije ukanimegea." Yaani hata hili moja anataka tule wote! Lakini nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu wewe utakutana na akina baba wengi kwenye mabenchi, wengine wana visu na wengine wana vyeo, wanasikia mtoto wao analia ndani. Mimi sijui utawaambia nini. Mimi ningependa niambiwe.

Nikarudi nyumbani bado ninachemka, nikamkuta Rehema anapepeta mahindi kwa mkono mmoja na kiwiko kama kawaida yake. Nikamwambia, "Leo namwandikia mdogo wako kuhusu mkono wako. Namwandikia ukweli."

Hakuacha kupepeta. "Ukweli upi, baba?"

"Kwamba ni mimi."

"Hilo mbona nalijua."

Nikakaa chini. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku hiyo, kwani yeye hakuwepo? Alikuwa na miaka sita, alikuwa macho. Nikamfokea, nikasema na wewe pia? Ulinyamaza kwa nini, mama yako alikufa anadanganywa!

Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unanifunga vifungo vya sare kila asubuhi, baba. Mpaka darasa la saba. Ningeanzaje?"

Na akaendelea kupepeta. Mimi nimezungukwa na wanawake wanaonifichia kama mtoto aliyejikojolea. Hasira niliyonayo leo ni hiyo hasa. Ningetukanwa ningejua pa kushika.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, na mimi sina tabia ya kuomba.

La kwanza ni ile karatasi. Mwezi uliopita tulipompeleka Rehema Vwawa kwa yule daktari bingwa aliyekuja kuwatazama watu wenye makovu, akakubali afanyiwe upasuaji huko Dar ukiwa naye, aliuliza mkono huu uliuguzwaje. Mimi nilikuwepo. Nikasema kwa sauti kubwa, nesi wa zahanati alimfunga vibaya. Na wewe ukaandika. Karatasi hiyo unayo kwenye begi, inakwenda kuwekwa kwenye faili la dada yako. Futa. Andika: aliunguzwa na shahamu ya moto, siku tatu alifungwa vizuri juu ya ubao, halafu baba yake akautoa ubao akamfunga ngumi, wiki tano. Ulisema daktari anapima kazi yake kwa kujua kidonda kilipitia wapi. Basi ajue kilipitia kwangu. Usinisitiri kwa maneno ya kidaktari. Andika baba.

La pili. Kesho alfajiri ukienda stendi, usipite njia ya mbele. Pita nyuma ya soko. Nesi Atuganile amesema atakuwa ameamka. Nilitaka niende na wewe, akakataa, akasema ukija na mimi nitaongea mimi. Kweli ningeongea. Utakalomwambia silijui, wala sikupangii. Ulimtukana kwa maneno yangu; ya kumwomba radhi tafuta ya kwako.

Rehema atakufuata mwezi ujao. Ametoa sharti moja, labda hajakuambia: siku za kubadilisha bandeji mimi nisiwepo. Nimekubali. Nilibisha kidogo kwanza, halafu nikakubali. Atalia, wewe utakuwa umemshika vidole, na mimi nitakuwa huku Tunduma nimekaa juu ya mikono yangu. Mnyooshe. Hata akiniita.

Sasa jua limekwenda, wino unakwisha, na nakuona ukisoma hapa unasema mzee amechanganyikiwa, uzee umemwingia, anajitwika yasiyo yake. Sijachanganyikiwa. Mzee Shabani yupo hai, bado ana meno yake, alikuwa mlangoni pangu siku ile na atakuambia neno lake na jibu langu bila kukosea. Mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule amehamia kwa mwanawe Vwawa, naye aliona kisu. Nesi Atuganile utamwona kesho. Ukimbana atasema kosa lilikuwa la wote wawili, hilo usilipokee. Na Rehema yupo chumba cha pili. Ukimuuliza leo, atakutazama atasema yeye alikuwa mdogo, hakumbuki. Anadanganya, kwa ajili yangu. Wewe andika nilivyosema mimi.

Baba yako,
Simkoko, mchunaji